SWAN kwenye laptopu kisha klasta ya mbali: uzoefu wangu na mawimbi ya Hidaya

Wakuu habari zenu. Naandika hili maana mimi wakati naanza nilitafuta mtu aliyeeleza kwa Kiswahili nikakosa. SWAN ni programu ya kukokotoa mawimbi ya pwani, imetengenezwa chuo kikuu cha ufundi cha Delft kule Uholanzi, ni ya bure kabisa, na mimi nilikuwa nataka kujua kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mawimbi ya aina gani Mafia na kwenye delta ya Rufiji. Nimeiendesha kwenye laptopu yangu ya prosesa 8 na ramu GB 16, baadaye nikapata akaunti ya klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa, watu wengi wanazitumia kwa foleni) iliyoko nje ya nchi.

Kwanza laptopu, na hapa nasema wazi watu wanaidharau bure. Modeli nyingi za mikondo ya maji ukirefusha hatua ya muda kidogo tu zinalipuka (namba zinaharibika zote), ila SWAN mahesabu yake yanavumilia, mimi naenda dakika 10 kwa hatua moja na inatulia. Gridi ya kilomita 2 (yaani bahari imegawanywa vyumba vya kilomita 2) kuanzia Tanga mpaka Lindi, siku 5 za kimbunga, saa moja na nusu imeisha. Na humo ndimo nilimoyanasa makosa yangu yote makubwa. Data ya GEBCO, yaani ramani ya kina cha bahari za dunia, inaandika bahari kwa namba hasi, SWAN inataka kina kiwe chanya, sasa mimi nikaiingiza ilivyo, kufungua ramani nakuta bahari yote ni nchi kavu na mawimbi yanapiga huko bara Morogoro. Nikageuza alama, nikaendesha tena, kimbunga kinashuka kutoka upande wa Pemba wakati Hidaya ilikuja kutokea kusini mashariki. Kumbe upepo wa ERA5 (data ya hali ya hewa ya dunia nzima) mistari yake inaanza kaskazini, na mimi nilikuwa nimeiambia SWAN isome kuanzia chini. Kurekebisha ni dakika mbili. Haya makosa yangenikuta kwenye klasta kila moja lingenila siku nzima ya foleni.

Tatizo likaja nilipotaka gridi ya mita 200 kuzunguka Mafia. Ilienda usiku kucha, asubuhi nakuta bado iko siku ya pili ya kimbunga, feni inaunguruma, mara umeme ukakatika, betri nayo ikaisha, na sikuwa nimeweka faili la kuanzia tena katikati, kazi yote ikapotea. Niliumia sana siku ile.

Ndo nikahamia klasta. Kule unaingia kwa terminali, unaandika skripti (faili la maelekezo ya kazi), unaituma kwa amri ya sbatch halafu unakaa unaangalia amri ya squeue imeandika PD, yaani bado iko foleni. Mara ya kwanza niliomba prosesa 128 kwa saa 48, nikasubiri siku mbili sijaanza. Nikaomba 32 kwa saa 6 tu, ikaanza usiku uleule, kwa sababu Slurm, programu inayopanga foleni ya klasta, inachomeka kazi fupi kwenye nafasi zilizobaki kati ya kazi kubwa, kwa hiyo omba muda unaouhitaji kweli. Na raha yake ukishatuma, umeme ukatike intaneti ikate, kazi inaendelea. Kinachouma ni bando. Nilikuwa natoa matokeo kila dakika 10, mafaili yakawa makubwa kupakua haiwezekani, sasa hivi natoa kila saa, nachora ramani hukohuko klasta nashusha picha tu. Jambo lingine, ukigawa kazi kwa prosesa 32 faili la kuanzia tena linatoka vipande 32, ukibadilisha idadi ya prosesa inabidi uviunganishe kwanza, kuna kiprogramu kinakuja na SWAN kwa kazi hiyo.

Ila matokeo yenyewe, aisee. Ramani ya mita 200 ni nzuri kuitazama lakini GEBCO kipimo chake ni kama mita 450, miamba ya Mafia na mafungu ya mchanga ya Rufiji mengi hayamo, na ERA5 ina vyumba vya kilomita 31 hivi, kitovu cha kimbunga kinalainishwa mno na mawimbi yanatoka madogo. Halafu SWAN haikokotoi maji kujaa na kupwa, lazima uyaingize mwenyewe, na pwani yetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita 3 mpaka 4, juu ya mwamba hiyo ndo tofauti ya wimbi kuvunjika nje au kufika ufukweni. Siku ile bamvua lilikuwa bado siku kadhaa, je lingekuwepo? Hilo ndo swali linaloninyima usingizi, na prosesa 1,000 hazinijibu kama sina kina sahihi.

Kwa hiyo sasa nimesimamisha kutuma kazi klasta. Kuna nahodha mmoja pale Kilindoni amekubali tutoke na boti yake na kifaa cha kupima kina, tunasubiri kusi itulie.