LTspice: weka logi uione diodi ilivyo

Kwa mwanafunzi wangu yeyote wa elektroniki, LTspice, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, ndiyo ya kwanza ninayomwambia apakue. Ni ya Analog Devices, haina malipo, na haihitaji kompyuta ya nguvu. Leo naisifia kwa jambo moja: namna inavyokuachia ubadilishe skeli za grafu.

Peleka kishale kwenye namba za mhimili, kinageuka rula. Bofya. Linafunguka dirisha dogo, unaandika mhimili uanzie wapi na uishie wapi, unaweka tiki kwenye logi (skeli ambayo kila hatua sawa ni kuzidisha mara kumi, si kujumlisha), basi.

Chukua kichujio cha rizista ya kiloomu 1.6 na kapasita ya nanofaradi 100. Kinapitisha masafa ya chini na kuanza kukata ya juu karibu na hertzi 1,000. Ukikichora kutoka hertzi 10 hadi 100,000 kwa skeli ya kawaida, kila chenye maana kinabanwa ukingoni kushoto, kwenye asilimia moja ya upana. Ukiandika .ac dec, amri ya kupima saketi kwa masafa yanayopangwa kwa makumi, masafa yanakaa kwenye logi na ukubwa wa ishara kwenye desibeli (kipimo ambacho nacho ni cha logi) bila kuguswa, na ule mteremko wa desibeli 20 kila masafa yanapozidi mara kumi unaonekana wazi.

Raha yenyewe iko kwenye diodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja. Chora mkondo wa 1N4148, diodi ndogo ya kawaida, kutoka volti 0.2 hadi 0.7. Kwa skeli ya kawaida mstari umelala chini, ukikaribia 0.6 unapaa, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kabla ya hapo hakuna mkondo. Weka logi kwenye mhimili wa mkondo: mstari unanyooka! Kila milivolti 104 hivi, kwa modeli iliyomo kwenye programu, mkondo unazidi mara kumi. Juu kabisa unapinda kidogo, na huo ni ukinzani wa ndani wa diodi. Sijaona maelezo ya ubaoni yanayofikia grafu hiyo moja.

Ila logi haina sifuri wala namba hasi. Usianzie volti 0, wala usichore mkondo wa chanzo, kwa kuwa SPICE, mfumo wa hesabu ulio ndani ya LTspice, huuhesabu hasi chanzo kinapotoa umeme. Bofya diodi yenyewe.

Ninachoona kimepungua ni kwamba rula ile haijitangazi. Asiyeonyeshwa anaweza kumaliza muhula hajaigusa. Pia hifadhi mipangilio ya grafu kwenye faili la .plt kabla hujafunga dirisha. Mimi huwagawia wanafunzi faili hilo pamoja na saketi, wakifungua wakute skeli iko tayari.