TAHADHARI: Fundi anakupigia Windows, anakuachia mpelelezi ndani

Ndugu zangu wa Dar, hasa mnaopeleka kompyuta Kariakoo kupigiwa Windows, yaani kuwekewa Windows upya, someni hili kabla hamjamkabidhi mtu mashine.

Mwezi uliopita kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja. Elfu ishirini, na akaniambia niiache ilale. Ilirudi nyepesi kweli. Mke wangu akaingia Facebook, Chrome ikamuuliza kama ihifadhi nywila, akakubali. Wiki mbili baadaye mama mdogo akapiga simu kutoka Tanga: "Mkeo ananiomba laki na nusu huku Facebook, lakini huyu mtoto hajawahi kunisemesha bila shikamoo." Shikamoo hiyo ndiyo iliyomwokoa. Shemeji yangu alikuwa ameshatuma elfu themanini.

Usiku huo nikakaa na ile mashine. Nikafungua Windows Security, upande wa kinga ya virusi, nikashuka hadi orodha inayoitwa Exclusions, yaani vitu ambavyo ulinzi umeambiwa usivikague. Humo nikakuta diski C nzima! Mlinzi yuko getini, ila kaamriwa asimsimamishe mtu. Kwenye orodha ya programu ilikuwemo AnyDesk, programu ya kuendeshea kompyuta ukiwa mbali, ambayo hatukuiomba, na tarehe yake ni siku ileile kompyuta ilipolala dukani. Ilikuwa na nywila ya kuingilia bila sisi kubofya chochote. AnyDesk ni programu halali, mafundi waaminifu wanaitumia kila siku, ndiyo maana antivairasi huenda isiseme kitu.

Halafu kuna kreki, yaani programu ya kufungulia Windows bila leseni, kama KMSPico. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walikuta KMSPico bandia zimebeba CryptBot, mdudu anayekwapua nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi kreki haihitajiki kabisa. Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11 zina leseni ndani ya ubao mama (motherboard). Ukirudisha toleo lilelile, mfano Windows Home kwa Windows Home, ikipata intaneti inajitambua yenyewe. Fundi akikwambia lazima azime ulinzi kwanza, chukua mashine yako uondoke.

Watu husubiri dalili: taa ya kamera kuwaka, bando kuisha mashine ikiwa imekaa tu, ukurasa wa kwanza wa kivinjari kubadilika. Yangu haikuonyesha hata moja.

Ukishuku, kata intaneti. Nywila usizibadilishie kwenye kompyuta hiyohiyo, utakuwa unampa mwizi na hizo mpya. Tumia simu, anza na barua pepe, kisha jitoe kwenye vifaa vyote, maana aliyeiba kuki za kivinjari, yaani vifaili vinavyokumbuka kuwa umeshaingia, anaweza kuingia bila hata kuulizwa nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha hamisha picha na nyaraka tu, programu ziache, futa diski, piga Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine, kwa faili kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe.

Namba iliyopokea pesa nimeituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na suala liko polisi. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Jina la duka sitaliweka hapa uchunguzi ukiendelea. Ila kama mashine yako imewahi kulala kwa fundi mwaka huu, fungua ile orodha ya Exclusions leo hii, kabla hujaingia tena kwenye akaunti yoyote.