Mashine ya hewa ya bwawa la samaki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ya wafugaji wa sato yanafanana. Mashine imenunuliwa, mchana inarusha maji juu vizuri, na bado asubuhi samaki wanakutwa wanaelea. Ukiuliza ni mashine gani, mara nyingi ni ile chemchemi ya sola inayoelea, isiyo na betri.

Kifaa hicho hufanya kazi saa ambazo bwawa halikihitaji. Mchana mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa wingi. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi joto 28 hushika takriban miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita usawa wa bahari, na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu, ni kama 6.8. Kufika saa tisa alasiri bwawa la kijani huwa limeshavuka kiwango hicho, na hapo kurusha maji hewani kunaipoteza oksijeni badala ya kuiongeza. Jua likizama, mwani huanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki na tope lenye mabaki ya chakula. Kiwango hushuka usiku kucha, na huwa cha chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Kikiwa chini ya miligramu 3 sato hula vibaya na ukuaji hudorora. Kikikaa chini ya 1 kwa saa nyingi wanaweza kuanza kufa, na wakubwa ndio hutangulia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei au nguvu za mota, muulize muuzaji: hii itaendeshwa na nini kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi? Asipokuwa na jibu, ondoka.

Chaguo langu la kwanza, kwa tenki, bwawa la turubai au bwawa la udongo lisilozidi mita za mraba 200 hivi, ni pampu ya hewa ya diafragamu (utando wa mpira unaotetemeka na kusukuma hewa) ya Hiblow kutoka Japani, na hasa HP-80. Naipendelea waziwazi. Ile 80 ni lita za hewa kwa dakika zikipimwa pampu ikiwa inasukuma dhidi ya uzito wa maji, na inakula umeme chini ya wati 90. Pampu nyingi za bei nafuu huandikwa lita zilizopimwa mpira wa kupitisha hewa ukiwa nje ya maji, kisha ukizamisha kina cha mita moja hewa inapungua sana. Pima mwenyewe: zamisha mpira mita moja, jaza maji ndoo ya lita 20, igeuze kichwa chini ndani ya bwawa juu ya mapovu, uhesabu muda. Pampu ya lita 80 kwa dakika inaijaza hewa kwa sekunde 15. Ikichukua sekunde 40, unajua ulichouziwa.

Pampu ikae juu ya usawa wa maji, kivulini, na uweke vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatapanda kwenye mpira na kuiua pampu. Sahani za mapovu, zile za mwisho wa mpira zinazotoa hewa majini, ziinue sentimita 20 kutoka chini zisitibue tope. Osha chujio la hewa kila baada ya miezi mitatu.

Hesabu ya sola kwa pampu hii ni rahisi: wati 80 kwa saa 9 ni wati-saa 720, na ukiongeza upotevu wa invata ni kama 850. Betri moja ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji mbili. Ya lithiamu ya ukubwa huo inatosha moja. Paneli zisipungue wati 300, maana siku za mawingu ndizo mwani hutengeneza kidogo na usiku wake huwa mbaya zaidi.

Nafasi ya pili ni mashine ya magurudumu ya mapanga, ile inayoelea na kuyapiga maji kwa mapanga yanayozunguka. Kwa bwawa la udongo kuanzia mita za mraba 1,000 hivi ndiyo inayostahili, kwani kwa kila yuniti ya umeme huingiza oksijeni zaidi ya mara mbili ya mapovu. Lakini ya kilowati 0.75 inakula yuniti karibu 7 kwa usiku mmoja, na inataka jenereta ya akiba inayowaka kweli. Bwawa lisiwe na kina chini ya sentimita 80, itachimba tope.

Pampu ya maji inayomwaga kupitia trei yenye matundu inafaa kwa dharura. Pampu za matangi ya samaki wa mapambo, achana nazo.

Mwenye kambale wakubwa anaweza kuhifadhi fedha yake, kwani kambale hupanda kuvuta hewa juu. Vifaranga vyake vya wiki mbili za mwanzo, hapana. Na sato wasiozidi wawili kwa mita ya mraba, kwenye maji ambayo sahani nyeupe ikizamishwa inaonekana hadi kina cha sentimita 30, kwa kawaida hawahitaji mashine.

Kinachoniudhi ni bei zinavyotangazwa. Paneli, pampu na mpira vinapigwa picha pamoja, betri haitajwi, ili bei ionekane ndogo. Mfugaji anagundua ameshalipa. Halafu diafragamu ya mpira ikipasuka, duka lile lile halina ya akiba, linakuuzia pampu nzima. Seti ya diafragamu ndiyo kipuri pekee kinachochakaa mara kwa mara. Idai siku ya kununua, iwe ya modeli ileile, iandikwe kwenye risiti, na kama hawana, usitoe hela.