Themomita ya infraredi kwa V8 za zamani: inafaa sana, ila kwenye chuma kinachong'aa inadanganya

Kama una hizi V8 (gari zenye injini ya silinda nane) za Kimarekani za miaka ya 60 na 70 basi hili joto unalijua, ukifungua boneti unapigwa na hewa kama umefungua tanuri, geji ya dashibodi wala haina neno ila ukizima gari ukarudi baada ya robo saa haliwaki, starta inazunguka weee mpaka betri inachoka na harufu ya petroli kila kona. Wengi hapo wanakimbilia rejeta kubwa ya alumini. Mi nasema anza na hiki kidude cha kufyatua chenye leza nyekundu, kwa sababu injini kuchemsha na joto kujaa chini ya boneti ni shida mbili tofauti kabisa na macho hayawezi kuzitenganisha.

Yangu ya 1969, kabureta ya midomo minne, mabomba ya ekzosi ya chuma ya kiwandani. Napima kwenye nyumba ya themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini): nyuzi 88. Safi, themostati za hizi gari nyingi ni nyuzi 82 au 91 kwa hiyo maji hayana kesi. Nikapita rejeta juu mpaka chini, inashuka taratibu hakuna sehemu imepoa ghafla, maana ingekuwa imeziba ungeona vipande vya baridi. Nikaja katikati ya intake manifoldi (njia za kupeleka hewa na petroli kwenye silinda) chini ya kabureta, 130! Huku ncha zake ziko 85. Ndo jibu lenyewe: ile valvu ya joto kwenye ekzosi ya upande mmoja imekwama ikiwa imefungwa, moshi unalazimishwa kupita ndani ya manifoldi chini ya kabureta muda wote, na petroli ya siku hizi sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi, tena ikiwa na ethanoli ndo balaa zaidi. Mafuta ya kulegeza kutu, kuigongagonga kidogo, ikaachia. Rejeta ile ile, feni ile ile.

Sasa ubaya wake. Nyingi za bei rahisi zimefungwa kwenye emisiviti (kiwango cha uso wa kitu kutoa mionzi ya joto) ya 0.95, hiyo ni nzuri kwa raba, rangi na chuma chenye kutu, lakini ukielekeza kwenye alumini iliyong'arishwa au kromu inakusomea joto la vitu vilivyo jirani, unaambiwa 45 na ukigusa unaacha ngozi. Bandika kipande cha masking tepu au pulizia tone la rangi nyeusi isiyong'aa halafu pima hapo hapo. (Kwenye ekzosi usibandike tepu jamani, itaungua.) Hiyo 130 yangu nimeipata juu ya rangi nyeusi.

Leza nayo isikuhadae, inaonyesha nukta lakini kinachopimwa ni duara. Uwiano wa 12:1 (umbali kwa upana wa duara) maana yake ukiwa sm 60 mbali unapima duara la sm 5, na kwenye Mustang ya 1967 yenye injini kubwa ya 390 ambapo minara ya shokabzoba imebana injini pande zote utakuwa unapima ekzosi na waya wa plagi kwa pamoja. Sogea karibu, ila chunga mkono na feni.

Kitu kingine haipimi hewa. Ukitaka kujua kama hewa moto inazunguka na kurudi mbele ya rejeta, au kisafisha hewa kinavuta hewa ya nyuzi ngapi, unahitaji waya wa themokapo (kihisi joto cha waya), kwa hiyo ukipata yenye tundu la themokapo aina ya K chukua hiyo hata kama ni ghali kidogo. Na nyingi zinaishia 380, ekzosi ya gari ambalo taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) imechelewa au hozi ya vakyum ya distributa imechomoka inapita hapo kirahisi ukilikamua, kioo kinaandika HI (yaani joto limepita kipimo) basi. Hata hiyo HI ni habari, nenda kaangalie taiming.

Nyota 4. Moja nimeitoa kwa kifuniko cha betri, kinafunguka chenyewe ukiinama.