Uzoefu wangu: kiti (seti ya vipuri) ya pampu ya mafuta na mpira mpya kwenye Enduro 40 ya zamani

Mashine yetu ni Yamaha Enduro 40, tu-stroki ya silinda mbili, ya zamani kweli hadi rangi imeshabanduka, ipo kwenye boti ya faiba tunayolaza hapa Deep Sea, Tanga. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: asubuhi inawaka vizuri, ukienda polepole haina neno, sasa ngoja utoke nje uelekee kisiwa cha Yambe uongeze moto, inaanza kukohoa, nguvu inakata, inazima. Ukiminya lile pira la mafuta, lile la kupampu kwa mkono kwenye mpira unaotoka tenki kwenda mashine, inafufuka, baada ya muda inazima tena, ikawa mtu mmoja kazi yake ni kukaa na pira mkononi kama anakamua ng'ombe.

Kila aliyepita alikuwa na lake. Plagi, tukabadilisha plagi. Petroli ina maji, tukamwaga tukaweka nyingine. Afu mafundi wengi wa huku wakisikia mashine inakosa mafuta mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kabureta, na kweli jeti (kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta) ikiziba dalili zinafanana, ila mara nyingi jeti ikiziba kuminya pira hakusaidii sana, kinachosaidia ni kuvuta choki kidogo. Yetu ilikuwa inataka pira.

Mzee mmoja fundi wa Sahare ndo alituweka sawa. Nimemwamkia, kaitikia, kasema, "Mwanangu, kabureta usiiguse kwanza. Ikianza kuzima, pira linakuwaje, limenywea au limejaa?" Swali hilo hatukuwahi kuulizwa na fundi yeyote. Tukaenda baharini kuangalia, limenywea kabisa, pande mbili zimegusana. Maana yake mafuta yamebanwa huko nyuma, kati ya tenki na pira. Kitundu cha hewa cha kifuniko cha tenki kilikuwa wazi (kianze hicho jamani, ni bure), kichujio cha ndani ya tenki kisafi. Ukabaki mpira wenyewe. Mzee akaupasua kwa urefu na kisu: nje mzima hauna hata ufa, ndani ngozi imebanduka ikawa ulimi unaning'inia, pampu ikivuta kwa nguvu ule ulimi unaziba njia, ikitulia unafunguka. Nje usingejua hata ukiutazama mwaka mzima.

Basi tukaazima tenki na mpira wa jirani, pira halikunywea tena, lakini ukifungua moto wote bado inalegea. Hapo ndo ikaja zamu ya pampu. Pampu ya hizi mashine haina umeme wala nini, ni diaframu tu, yaani kiwambo chembamba, inayochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye chumba cha krenki ndani ya injini, ikikakamaa au ikitoboka inatosha kwa mwendo wa taratibu, mwendo mkubwa haifikishi. Tukafungua skrubu, diaframu imekuwa ngumu imejikunja, nikaishika nikaielekezea juani nikaona kitundu kidogo cha mwanga karibu na ukingo.

Sasa niseme vitu vyenyewe. Kiti ya pampu inakuja na diaframu, gasketi na vile vijani vya valvu, bei haikufika elfu hamsini na kwa kazi iliyofanya siwezi kulalamika. Kabla hujalipa nenda na ile ya zamani ulinganishe matundu, ukikosea modeli matundu hayalingani. Karatasi ya maelekezo hamna, kwa hiyo wakati wa kufungua piga picha kila hatua. Na usikubali fundi akupakie silikoni kwenye gasketi eti isivuje, vipande vikimeguka vinakwenda kukaa kabureta.

Pira ndo lina maneno. Mwenzangu alileta la bei chee lisilo na jina, likipata jua linalegea, valvu ya ndani inakwama, ukiminya halijai hata ujitahidi vipi. Tukalirudisha dukani tukaongeza hela tukachukua zito pamoja na mpira wake, hilo ukiliminya mishale ikitazama juu linakuwa gumu mara moja na linakaa gumu. Mshale uelekee mashine, wapo wanaofunga kinyume. Na kufunga maungio kwa tyubu ya baiskeli kama tulivyozoea acheni, petroli inaila inaingiza hewa, weka klipu isiyoshika kutu.

Ambao mnasema si mnaminya tu maisha yanaenda, tu-stroki oili yake iko ndani ya petroli, sisi tunachanganya 50 kwa 1, yaani lita 20 na mililita 400 za oili ya boti. Petroli isipofika na oili haifiki, pistoni inakula silinda, hapo hesabu yake sio ya kiti tena.

Tangu tubadilishe tumetoka nayo kusi lote, na barafu na watu na nyavu, moto wote, hakuna anayeshika pira tena labda asubuhi kabla ya kuwasha. Kiti naipa tano, pira la pili nne kwa sababu bei yake imechangamka. Kiunganishi cha upande wa mashine bado ni kile cha zamani, oringi yake imechoka na kinatoa unyevunyevu wa petroli, nacho nakitafutia kabla kaskazi haijaingia, mwenye kujua duka la uhakika hapa mjini anielekeze.