Jua la Moshi na Arusha: nini ununue kwanza

Mama yangu ameuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda wote huo kinga yake ilikuwa kanga ya kujitupia kichwani. Mashavu yalipoanza kutoka mabaka ya kahawia, muuzaji mmoja wa vipodozi akamwambia, "Mama, hii inatakatisha wiki mbili tu," akampimia mkorogo kwenye kikopo kisicho na jina. Ulitakatisha kweli. Halafu ngozi ikawa nyembamba, akawa anaungua na jua la saa nne asubuhi, na mabaka yakarudi meusi kuliko mwanzo. Tangu siku hiyo mnunuzi wa vitu vyake vya ngozi ni mimi. Nimeshanunua vingi vya kutupa, na mpangilio wangu sasa ni huu.

Cha kwanza ni kofia pana. Najua wengi wanakimbilia losheni, lakini losheni inaisha na kofia inabaki. Ya mama niliichambua kwenye mitumba ya soko la Memorial kwa shilingi 4,000, pamba nzito, na huu ni mwaka wake wa tatu. Ukingo uzunguke kichwa chote na upate angalau sentimita 7. Kepu inakinga paji la uso na pua tu. Masikio na shingo inaviacha juani. Kabla hujalipa, inyanyue kuelekea mwanga: kama nuru inapenya kwenye vitundu, irudishe, hata kama imekupendeza. Anayebeba mzigo kichwani hawezi kuvaa kofia, basi huyo ajifunge kitambaa kizito, na akifika kwenye meza yake awe na mwavuli mkubwa wa kuchomeka chini.

Cha pili ni nguo ya mikono mirefu. Kipimo ni kile kile cha mwanga. Kitenge kilichofumwa kwa kubana kinashinda kanga iliyochakaa, rangi iliyokolea inashinda nyeupe nyembamba, na pamba iliyolowa jasho inapitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu. Bodaboda wetu wameshalielewa hili. Wanavaa ile mikono ya kitambaa cha kuvutika, na ni ununuzi mzuri.

Cha tatu, losheni ya jua. Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua linalounguza. Losheni ya SPF 15 iliyopakwa vizuri inazuia takribani asilimia 93 ya miale ya UVB, ile inayounguza. Ya 30 inazuia 97, na ya 50 inazuia 98. Kwa hiyo usiruke chakula cha watoto ili utoke 30 uende 50. Iwe 30 au zaidi, inatosha. Muhimu zaidi ni kama inazuia pia UVA, miale inayozama ndani zaidi, inayozeesha ngozi na kupenya hata kioo cha daladala. Tafuta maneno "Broad Spectrum", au herufi UVA ndani ya duara, au PA ikifuatiwa na alama za kujumlisha. Chupa isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, iache hapo hapo.

Kwa ngozi nyeusi kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawakuambii. Losheni zenye zinki au titani ni nzuri, lakini nyingi zinaacha weupe kama umepakwa unga; omba ujaribu kidogo taya, si kiganja. Na kama shida yako ni mabaka kama ya mama, chagua yenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksidi ya chuma, kwa sababu mabaka hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na losheni zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha.

Kipimo cha kupaka uso na shingo ni mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kila kimoja kwa urefu wake wote. Ukiwa nje unarudia kila baada ya saa mbili. Ukipaka hivyo mara mbili tu kwa siku, chupa ya mililita 50 haimalizi mwezi. Ikikufikisha miezi sita, ujue ulikuwa unajipaka harufu. Hesabu hiyo ndiyo sababu nimeweka kofia juu.

Nunua kwenye duka la dawa, au duka ambalo bidhaa hazikai dirishani juani. Soma tarehe ya mwisho, na ile picha ya kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M: ni miezi ya kutumia tangu ufungue.

Cha nne, miwani yenye alama ya UV400, yaani inayozuia UVA na UVB. Weusi wa kioo peke yake haukingi chochote. Kwa wagumu wanaopanda Kilimanjaro, miwani ndiyo namba moja, pamoja na mafuta ya midomo yenye SPF. Theluji mbichi inarudisha hadi asilimia 80 ya miale, inakupiga kutoka chini ambako kofia haifiki.

Mafuta ya nazi na Vaseline havimo kwenye orodha hii. Vinalainisha vizuri sana, hasa baridi ya Juni na Julai ngozi inapopauka, lakini jua havizuii. Wala usidanganyike na mawingu ya miezi hiyo. Miale inapita, na Arusha tuko takribani mita 1,400 juu ya bahari, ambako jua ni kali kuliko pwani.

Mkorogo usinunue kwa bei yoyote. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na kikopo kisicho na jina hakikwambii kama zimo.

Kama una mtoto au ndugu mwenye ualbino, usifuate mpangilio wangu wa kuanza na kimoja. Yeye anahitaji kofia, mikono mirefu na losheni vyote kwa pamoja, kila siku, kwa sababu kwake hatari ni saratani. Mpeleke hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Kilisun, losheni inayotengenezwa hapo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutolewa bure kliniki.

Joto huharibu losheni. Ya mama haikai mezani. Inakaa ndani ya tenga, chini ya majani ya migomba, pamoja na maji yake ya kunywa.