Playwright, Cypress au Selenium kwa mfumo wa tiketi za basi: uzoefu wangu

Mfumo niliozipimia fremuweki hizi, yaani zana zinazoendesha brauza zenyewe ili kujaribu tovuti, ni wa kawaida hapa Mombasa. Abiria anachagua basi la Nairobi, anabofya kiti kwenye mchoro wa viti, anaandika nambari ya simu, analipa kwa M-Pesa, kisha tiketi ya PDF inafunguka kwenye kichupo kipya. Ukizipima kwa fomu ya kuingia peke yake, zote tatu zitafaulu na hutaona tofauti. Tofauti hujitokeza pale mfumo unapovuka ukurasa mmoja, na huu huvuka mara tatu: kwenye kiti, kwenye malipo na kwenye PDF.

Nimechagua Playwright, na kilichonikata shauri ni kiti. Jaribio muhimu kuliko yote katika mfumo kama huu ni wateja wawili kugombea kiti namba 12 kwa wakati mmoja. Katika Playwright unaita browser.newContext mara mbili ndani ya jaribio lilelile. Kila konteksti (kikao huru cha brauza) ina vidakuzi vyake, kwa hiyo seva inawaona watu wawili. Unawabofyesha pamoja kwa Promise.all, kisha unahakikisha mmoja amepata na mwenzake ameambiwa kiti kimechukuliwa. Cypress yenyewe haiendeshi brauza mbili kwa pamoja wala vichupo viwili, kwa sababu msimbo wake unakimbia ndani ya brauza yenyewe, ubavuni mwa ukurasa unaopimwa. Unaweza kumwigiza mteja wa pili kwa cy.request, lakini hapo unapima seva tu, huoni kama kiti kimegeuka rangi kwenye skrini yake.

Kwa PDF, watumiaji wa Cypress huiondoa target (sifa inayofungua kichupo kipya) kwenye kiungo ili tiketi ifunguke palepale. Inafanya kazi, ila sasa unapima kiungo ambacho abiria hakipati. Playwright husubiri tukio la popup na kukukabidhi kichupo kipya.

Malipo ndipo wengi hupotea, na kosa si la fremuweki yoyote. Mtu anaandika page.route au cy.intercept akidhani amezuia ombi la STK (linalomletea abiria dirisha la PIN kwenye simu) kwenda Daraja, mlango wa M-Pesa kwa mifumo ya nje. Hajazuia kitu. Vifaa hivyo hunasa mawasiliano yanayotoka kwenye brauza, ilhali ombi la STK hutoka kwenye seva yako kwenda seva nyingine. Dawa yake ni kuweka anwani ya Daraja kwenye faili la mazingira, na wakati wa majaribio uielekeze kwenye seva ndogo ya kuigiza inayorudisha CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi la malipo) unayoijua. Kisha jaribio lenyewe linatuma jibu kwenye anwani yako ya kupokea majibu, kwa request.post, likiwa na CheckoutRequestID ileile. Isipolingana, mfumo hautaipata oda na utabaki unakodolea macho ukurasa wa "Tunasubiri malipo".

Andika angalau majibu matatu: ResultCode 0 aliyelipa, 1032 aliyeghairi, na 1037 ambaye simu yake haikupatikana au hakujibu. Hayo mawili ya mwisho ndiyo hufichua hitilafu, kwani jibu la kushindwa haliji na CallbackMetadata, sehemu yenye maelezo ya malipo. Msimbo unaokimbilia kusoma MpesaReceiptNumber kabla ya kuangalia ResultCode utaanguka hapohapo, na kiti kitabaki kimefungwa bila mwenyewe.

Ukurasa wa kusubiri nao una mtego wake. Ukiwa unauliza seva kila sekunde 3, uvumilivu wa kawaida wa expect (dai la jaribio) katika Playwright ni sekunde 5, na wa amri za Cypress ni sekunde 4. Duru moja ikichelewa kidogo, jaribio linaanguka. Ongeza muda pale pale kwenye dai hilo moja, mfano timeout: 15000 (sekunde 15), usiongeze kwa mradi mzima, la sivyo kila kosa la kweli litakugharimu robo dakika kabla halijajitangaza. Na usiweke waitForTimeout. Usingizi wa muda maalumu ndio mama wa majaribio vigeugeu: leo yanapita, kesho yanaanguka, na hakuna aliyegusa msimbo.

Kuhusu selekta, yaani namna ya kutafuta kitu kwenye ukurasa, getByRole ni nzuri lakini hulinganisha jina kwa kipande bila kujali herufi kubwa. Ukitafuta kitufe cha "Lipa" na ukurasa una "Lipa kwa kadi" pia, Playwright itakataa kubofya na kulalamika kwamba imeona viwili. Weka exact: true. Mfumo wenye Kiswahili na Kiingereza unahitaji data-testid (alama ya majaribio isiyobadilika na lugha) kwenye vitufe vikuu, vinginevyo kubadili lugha kutaua nusu ya majaribio.

Saa nazo! Basi la saa saba usiku tarehe 5, kwa saa za UTC ni saa nne usiku tarehe 4. Kwenye kompyuta yako Tudor jaribio linapita, kwenye seva inayoendesha majaribio kwa saa za UTC linaonyesha tiketi ya jana. Katika Playwright weka timezoneId: 'Africa/Nairobi' kwenye usanidi. Cypress hufuata saa za mashine, kwa hiyo anza amri kwa TZ=Africa/Nairobi. Hilo hurekebisha upande wa brauza tu. Kama tarehe inapangwa kwenye seva, hilo ni kosa la mfumo na jaribio limekufaa kwa kulishika.

Selenium siidharau. Ilianza mwaka 2004, na timu yenye mamia ya majaribio ya Java yanayopita haina sababu ya kuyafumua. Tangu toleo 4.6 hutafuti tena dereva wa brauza kwa mkono, Selenium Manager huileta. Uzito uliobaki ni kusubiri: Playwright huhakikisha yenyewe kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijafunikwa na kinabofyeka, lakini kwenye Selenium unayaandika hayo kwa WebDriverWait. Usichanganye implicit wait (subira ya jumla) na explicit wait (subira ya hali moja), muda wa kusubiri utakuwa wa kubahatisha.

Cypress ningeichukua kwa timu ya watu wa skrini tu, wanaoandika JavaScript na wanaotaka kuona kila hatua ikitendeka mbele yao. Makosa yake yanasomeka vizuri kuliko ya wenzake. Ila kugawa majaribio kwenye mashine kadhaa kwa --parallel kunakupeleka kwenye huduma yao ya Cypress Cloud, wakati --shard=1/3 ya Playwright haihitaji akaunti.

Jambo la bando: npx playwright install bila kutaja kitu hushusha Chromium, Firefox na WebKit (injini ya Safari), mamia ya megabaiti, na kila toleo jipya la Playwright hutaka brauza zake mpya. Andika npx playwright install chromium, na kwenye seva ya majaribio hifadhi ~/.cache/ms-playwright ili isishushwe kila mara. Weka retries: 2 na trace: 'on-first-retry', ili jaribio lililoanguka lirudiwe na kurekodiwa. Faili la trace linakuonyesha ukurasa ulivyokuwa kila hatua pamoja na mawasiliano yote, tokeni zikiwemo, kwa hiyo usilitupe kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kwenye kompyuta ya mapajani yenye RAM ya GB 8 shusha workers (majaribio yanayokwenda sambamba) hadi 2. Adhuhuri ya kaskazi, chumba kisicho na AC, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na majaribio yaliyopita asubuhi huanza kuishiwa muda.

WebKit ya Playwright si Safari ya iPhone, na devices['Pixel 5'] ni ukubwa wa skrini, mguso na utambulisho tu, si simu. PIN ya M-Pesa nayo haiandikwi na fremuweki yoyote. Kabla ya kila toleo bado mtu anashika Android moja na iPhone moja, anakata tiketi ya nauli ya shilingi 1 kwa kila simu, kisha ya tatu anaighairi.